Kiu ya Serikali, Mbwa wa Minjila

Niliporudisha funguo za stoo ya dawa nilidhani nimemaliza. Kumbe mtu akistaafu kazi ya mifugo, mifugo haipelekewi habari. Juzi kijana mmoja wa ofisini kwenu alinijia nyumbani, akasimama mlangoni na kuniuliza kwa haraka: mbwa anayekunywa maji kupita kiasi na kukojoa kila mahali apewe dawa gani? Nikamwambia akae kwanza. Akasema hana nafasi, anataka jina la dawa tu. Basi akaondoka bila jina, nami nikabaki na kisa. Nakiandika hapa kwa ajili yake na wenzake, maana jibu la swali lake ni refu kuliko chupa yoyote ya dawa. Mimi mwenyewe nilifundishwa jibu hilo Garsen, miaka ya hamsini, nikitembea nyuma ya mbwa na upawa mkononi.

Mimi ni mtu wa Kau. Kwetu tulijua mtumbwi, samaki na mpunga. Ng'ombe nilimjua akiwa kitoweo. Nilipoajiriwa kuwa msaidizi katika kituo cha mifugo cha Garsen, mama yangu aliniuliza jambo moja tu: kama kazi hiyo ina mbwa. Nikamjibu kwamba ni kazi ya ng'ombe, na wakati ule niliamini hivyo.

Siku ya kwanza niliripoti nimevaa shati jeupe na viatu vilivyong'aa. Aliyenipokea ni msaidizi mkuu, Mzee Yona, Mpokomo wa Ngao, mtu mfupi mwenye sauti ya chini. Alivitazama viatu, akanitazama usoni, kisha akanipa kamba na kunionyesha fahali. Kufikia adhuhuri viatu havikuwa na rangi ya kutajika, na fahali alikuwa amenifundisha, kwa kwato moja tu, mahali ambapo msaidizi hasimami. Mzee Yona aliniinua kutoka matopeni akasema, "Sasa umeanza kazi."

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kulikuwa na bomba kubwa la sindano la kioo na chuma, koleo, mikasi, kamba nyingi, na jiko la primasi la kuchemshia vyombo, ambalo lilitumia mafuta kidogo na matusi mengi. Kipimajoto kilikuwa kimoja, na Mzee Yona alikichomeka mfukoni mwa shati kama kalamu. Mnajua mnyama anapimwa joto wapi. Karani mmoja mgeni aliwahi kukichomoa akidhani ni kalamu kweli, akakishika kwa meno huku akitafuta karatasi. Mzee Yona alimwacha atafute.

Mzee wangu huyo hakuwa mwepesi wa kutaja ugonjwa. Alisema mnyama hana ulimi, lakini anaishi na watu, na watu wana ndimi za kutosha. Shida ni kwamba kila mmoja anasema lake. Nilikuwa sijaielewa kauli hiyo mpaka aliponijia Serikali.

Serikali alikuwa mbwa jike, mwekundu, masikio yamechanika kwa vita vyake na ngiri. Mwenyewe alikuwa Mzee Karisa, Mgiriama aliyehamia Minjila kulima mahindi na mpunga kwenye bonde linalofurika, na bila mbwa yule shamba lake lingekuwa la ngiri na nyani. Ukimuuliza kwa nini alimpa jina lile, alitazama kwanza ni nani anayeuliza. Kwa jamaa zake alisema: anakula bila kulima, na akibweka hakuna anayelala. Kwa watu wa ofisi alikuwa na maelezo mengine, nitayafikia.

Walikuja asubuhi moja, mwezi wa Mfungo Pili, Mzee Karisa akimvuta mbwa kwa kamba. Nyuma yake alikuwa mkewe, Mama Charo, na nyuma ya Mama Charo alikuwa jirani yao Abba Jilo, Muorma mwenye ng'ombe wengi na subira kidogo. Watatu hao walikuwa na mgonjwa mmoja na magonjwa matatu.

Mzee Karisa alisema mbwa si mgonjwa kabisa, ni mja mzito. Tazameni tumbo. Alikuwa ameshawaahidi shemeji yake, mzee wa kijiji na mvushaji wa kivuko watoto wa mbwa, na mvushaji alikuwa ameshaanza kumvusha bure kwa ajili hiyo. Abba Jilo yeye alisema ni kichaa. Mbwa huyo alikuwa akizurura kutafuta maji hadi kwenye birika la ndama zake, na mbwa wa namna hiyo akiuma ndama mmoja, boma zima limekwisha.

"Hii mbwa iko na kichaa," alisema. "Mimi sitaki iingie boma yangu. Piga risasi, maneno kwisha."

Mama Charo alingoja wanaume wamalize. Kisha akatueleza kwamba yeye hajui mimba wala kichaa, anajua mtungi. Maji anayochota jioni, asubuhi hayapo, kwa sababu mbwa amejifunza kuusukuma mfuniko kwa pua. Nyumba yote inanuka mkojo. Na yeye anarudi mtoni tena na tena, mahali pale pale ambapo mamba amewachukua mbuzi wa jirani mbele ya macho yake.

"Mimi sina ugomvi na mnyama," alisema. "Lakini ama mbwa huyu, ama mimi."

Wakati tukisikiliza hayo, Serikali alikuwa ameikuta ndoo yetu ya kunawia, akainywa yote, akajilamba, akachuchumaa juu ya mguu wangu. Hapo ndipo nilipokumbuka nilivyomjibu mama yangu.

Nikataka kuonyesha ujuzi. Nikasema kichaa cha mbwa kinamfanya aogope maji, na huyu anayapenda, basi si kichaa. Mzee Yona alinitazama kama alivyovitazama viatu vyangu. Alisema wapo mbwa wenye kichaa wanaoyakimbilia maji. Ni koo tu linalokataa. Asitazamwe kama anayataka, atazamwe kama anameza. Akampa maji zaidi, akachunguza taya, akasikiliza mlio, akamtembeza uwanjani. Serikali alimeza vizuri sana, na hata mkia aliutikisa. Hata hivyo Mzee Yona alimwahidi Abba Jilo kwamba mbwa atafungwa kituoni, hatakaribia ndama yeyote, mpaka Daktari wa mifugo arudi kutoka Chewele alikokuwa akichanja ng'ombe dhidi ya sotoka. Kama ni kichaa, kitakuwa kimejionyesha, na bunduki itakuwepo. Abba Jilo akakubali, ila akasema atakuja kila asubuhi kuhakikisha hatudanganyi.

Mzee Karisa alipendekeza tumnyime mbwa maji ili mkojo upungue. Nami niliona ni wazo zuri. Mzee Yona akasema kwa sauti yake ya chini, "Ukimnyima maji, kesho una mzoga. Hakojoi kwa sababu anakunywa. Anakunywa kwa sababu mkojo unamtoka."

Maneno hayo yashikeni vijana. Mnyama aliyetobokewa ndani hujaribu kujijaza. Mkimfungia maji hamjaziba tundu.

Basi Serikali alibaki kwetu, na kazi ya kumchotea maji ikawa yangu. Mzee Yona alitaka kujua anakunywa kiasi gani hasa, maana watu husema "sana" hata kwa kitu kidogo. Nikampimia kwa debe dogo. Siku ya pili nilikuwa upande wa Mama Charo. Mbwa yule alimaliza maji ambayo yangewatosha watu wa nyumba nzima kupika na kunywa, akanitazama kama kwamba mimi ndiye mvivu. Na kila niliposhuka mtoni nilitazama majani ya ukingoni kwa umakini ambao shuleni hawakuwahi kuupata kutoka kwangu.

Kisha yakaja maswali. Mbwa anakula nini? Kitu cha chumvi, pengine ng'onda, samaki mkavu? Mzee Karisa alisema anakula ugali na mifupa. Mama Charo akasema anakula ugali. Mifupa ni ya kwenye mazungumzo. Chumvi tukaiweka kando.

Likafuata jambo la mkojo. Mzee Yona alisema anautaka safi, usioguswa na mchanga. Nikamuuliza utapatikanaje. Akaingia stoo, akatoka na upawa wa kifuu aliokuwa ameufunga kwenye mpini mrefu wa jembe, akanikabidhi.

Sijui kama mmewahi kumfuata mbwa jike kwa upawa karibu na kivuko cha Garsen siku ya soko. Mbwa ana aibu zake. Nikisogea, anasimama. Nikijifanya natazama mawingu, anachuchumaa, nikiinama, anainuka. Wanawake wa sokoni waliacha kupima mahindi. Abiria wa kivuko walikataa kupanda mpaka waone mwisho wake, na mvushaji, aliyekuwa na maslahi yake kwa mbwa huyo, alinipigia kelele za kunielekeza: kushoto, kushoto. Mzee mmoja aliyenijua tangu Kau alinisalimu kwa heshima, akauliza habari za nyumbani, kisha akaniuliza taratibu kama ninalala vizuri siku hizi. Mwishowe nikaupata mkojo, nusu upawa, nikaubeba hadi kituoni kama mtu aliyebeba mafuta ya taa kwenye kijiko.

Halafu nikashuka mtoni kujitoharisha. Sisi madhehebu yetu kwa najisi ya mbwa ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Mzee Yona alikuwa Mkristo, lakini katika siku zile alizoea kusimama ukingoni kunilindia mamba na kunihesabia. "Bado mbili," alikuwa akisema, na kama nikifanya haraka alinirudisha nyuma.

Mkojo wenyewe ulikuwa mwepesi na mweupe kama maji ya kisima. Mzee Yona aliumwaga kidogo karibu na njia ya sisimizi, tukaketi kuwatazama. Akasema mkojo wenye sukari huwaita. Sisimizi waliuzunguka wakaendelea na safari yao. Lakini hakutaka kuwategemea sisimizi peke yao, akanituma kwa dresa wa zahanati, ambaye alikuwa na dawa ya buluu ya kupimia watu kisukari. Dresa alikuwa mtu nadhifu, mwenye kupenda utaratibu. Alishika kalamu.

"Jina la mgonjwa?"

"Serikali."

Aliinua macho, akayashusha. "Mwanamume au mwanamke?"

"Jike."

"Ana mimba?"

"Hayo ndiyo tunayobishania," nikasema.

Akaiweka kalamu chini. Nilipomweleza mambo yalivyo alicheka mpaka akavua miwani. Aliichemsha dawa na matone ya mkojo mbele yangu. Ingegeuka kijani, au njano, au nyekundu kama tofali, ingekuwa sukari. Ilibaki buluu. Akanipa matokeo, na mrija wa kioo akanipa pia, akisema hatautumia tena kwa binadamu hata akiuchemsha mwaka mzima.

Mzee Yona akachemsha mkojo mwingine kwenye primasi, akatia siki kidogo. Figo zikiharibika sana, alisema, utaona umeganda kama ute wa yai. Tuliona ukungu hafifu tu. Figo zinasumbuliwa, akasema, lakini si zenyewe zilizoanza. Kuna kitu kinazisumbua.

Kufika hapo mbwa alikuwa ameacha kula. Alitapika maji aliyokunywa, kisha akanywa tena. Macho yalikuwa yamezama, na tumbo lilikuwa kubwa zaidi. Mzee Karisa alikuja na kusema uchungu umekaribia. Nilianza kumwogopea mbwa yule. Unapompimia mnyama maji kila siku na kumfuata na upawa, hata kama dini yako inakutaka umkae mbali, moyo hauulizi madhehebu.

Abba Jilo alikuja kila asubuhi kama alivyosema. Alisimama kwa mguu mmoja, ameegemea fimbo, akamtazama mbwa kwa chuki iliyopoa siku hadi siku, kwa sababu kichaa hakikuonekana na alikuwa amechoka kukingoja. Asubuhi moja, kwa kupoteza wakati tu, Mzee Yona alimuuliza mbwa huyo alimsumbua tangu lini. Abba Jilo akaanza kulalamika. Si huyu peke yake, alisema; walikuwa wengi. Mbwa dume wote wa Minjila, na wengine hata kutoka Garsen, walikuwa wakipita bomani mwake wakimfuata huyu, wakipigana, ng'ombe wakashtuka wakakataa kutoa maziwa.

Mzee Yona aliacha alichokuwa akifanya. "Lini hiyo?"

"Shaabani. Mwezi naisha."

"Una hakika ni Shaabani?"

Abba Jilo aliteremsha mguu wa pili. "Mimi natafuta mwezi ya mfungo, dume nabweka. Mtu nasahau mwezi ya mfungo?"

Mzee Yona alinigeukia akaniambia nihesabu. Mbwa hubeba mimba miezi miwili. Huyu alitaka dume mwishoni mwa Shaabani. Ramadhani ilipita, Mfungo Mosi ulipita, na sasa Mfungo Pili ulikuwa unaelekea ukingoni. Kama angekuwa na watoto, wangekuwa wameshazaliwa na wanatia meno kwenye viatu vyetu.

"Basi tumboni mna nini?" nikauliza.

Alipiga magoti, akalipapasa tumbo la yule mbwa kwa vidole vyake vinene, polepole, macho amefumba. Akanishika mkono akaupeleka. Nilihisi vitu viwili virefu, laini, vizito, kama mihogo iliyolowekwa. Watoto, alisema, wangekuwa vifundo, na wangesukuma. Kisha akamwinua mkia. Palikuwa na ute kidogo, rangi ya kahawia, ambao mbwa alikuwa akijilamba tusiuone. Harufu yake sitaieleza. Baadhi yenu mnakula mkisoma.

"Kizazi kimejaa usaha," alisema. Hutokea kwa jike wiki kadhaa baada ya kutaka dume, amepandwa au hakupandwa. Sumu ya usaha inaingia kwenye damu, inazivuruga figo, nazo zinashindwa kuyazuia maji. Ndiyo kiu. Ndiyo mkojo. Ndilo tumbo. Magonjwa matatu ya wale watu watatu yalikuwa ugonjwa mmoja, na aliyetupa ufunguo ni yule aliyetaka mgonjwa apigwe risasi.

Mzee Karisa alipoambiwa aliketi juu ya debe lililopinduliwa. Hakuuliza habari za watoto aliowaahidi watu. Aliuliza kama atapona. Mzee Yona akamjibu kwamba dawa ni kisu, kizazi kitolewe chote, na kwamba yeye amewahi kushikilia taa kazi hiyo ikifanywa lakini hawezi kuifanya. Anayeweza ni Daktari, na Daktari bado yuko Chewele na ng'ombe wa watu. Mzee Karisa akasema, kwa upole, kwamba mbwa huyu hatafika huko.

Tukamtuma dereva wa lori lililokuwa linapanda kuelekea Chewele na magunia. Ujumbe niliusema mimi mwenyewe, waziwazi: Serikali wa Minjila hali mbaya sana, Daktari aje upesi na visu. Dereva yule aliharibikiwa na gari njiani, akampa ujumbe mwenzake. Mwenzake akampa mtu wa baiskeli. Siku zile jina hilo halikuwa la kuchezea, na kila mkono ulioupokea ujumbe uliunyosha kidogo ueleweke. Uliofika Chewele ulisema kwamba watu wa Minjila wameishikia Serikali visu.

Kwa hiyo Daktari alifika mapema kuliko tulivyothubutu kuomba, akiwa na askari wawili wenye bunduki. Alikuwa Mzungu kijana, masikio mekundu kwa jua, Kiswahili chake kimekaa sawasawa kama shati lililopigwa pasi. Aliruka garini akauliza fujo iko wapi. Mzee Yona akamwonyesha mbwa aliyelala juu ya gunia.

Daktari alimtazama mbwa, akawatazama askari wake.

"Huyu ndiye Serikali?" Daktari akauliza.

"Ndiye, Bwana," akajibu Mzee Karisa. "Tunamwita hivyo kwa sababu analinda mali ya raia."

Mzee Yona alikwenda kulishughulikia jiko la primasi, ambalo halikuwa limewashwa. Daktari alikohoa, na nadhani alikuwa karibu kucheka, au karibu kukasirika, sikujua. Lakini alikuwa ameshauweka mkono kwenye tumbo la mbwa, na uso wake ukabadilika. Aliuliza historia. Mzee Yona akamweleza yote, maji, chumvi, sukari, figo, Shaabani. Daktari akasikiliza bila kumkatiza, akasema, "Chemsheni vyombo."

Tuliung'oa mlango wa stoo tukaulaza juu ya mapipa mawili kivulini. Askari mmoja alipewa tawi la kufukuzia nzi. Wa pili alishika miguu ya nyuma, uso ameuelekeza mtoni muda wote. Mimi nilipewa kichwa. Kifaa changu kilikuwa kopo la maziwa lililotobolewa na kutiwa pamba, na chupa ya klorofomu ya kudondosha juu yake, tone kwa tone. Daktari aliona nimeikodolea macho kazi ya mikono yake.

"Usinitazame mimi," alisema. "Tazama ufizi. Ufizi ukibadilika rangi, niambie."

Nikautazama ufizi ule kama ninavyoutazama mwezi wa Idd. Ulikuwa wa waridi. Nilimsikia Daktari akipumua kwa mdomo, nikasikia koleo zikibana, nikasikia Mzee Yona akiomba ndoo. Kisha waridi ile ikaanza kuniponyoka. Ikawa kijivu. Ubavu uliokuwa ukipanda na kushuka ukatulia.

"Daktari," nikasema, "hapumui."

Mzee Yona alinipokonya kopo akalitupa. Akamvuta mbwa ulimi nje, na Daktari, mikono yake bado ina damu, akaanza kuubonyeza ubavu, akaachia, akabonyeza, akaachia. Askari wa nzi alisahau nzi. Nje ya uzio nilimwona Mzee Karisa ameshika nguzo kwa mikono miwili. Abba Jilo alikuwa kando yake, nami namsikia mpaka leo akimsomea mbwa dua chini kwa chini. Sina hakika kama alijua kwamba anasikika.

Serikali alivuta pumzi moja, ndefu, yenye mkoromo. Halafu nyingine. Waridi ikarudi.

Daktari alinawa upya, akarudi kwenye kazi yake, na baada ya muda akakitoa kizazi kile chote, pembe zake mbili nene kama mkono wa mtu mzima, akakilaza ndani ya ndoo. Mzee Yona alimpelekea Mzee Karisa aone. Hakukuwa na mtoto hata mmoja. Mzee Karisa alitazama, akaitikia kwa kichwa, akaenda kando kutapika. Tulimshona mbwa, tukamtia maji ya chumvi chini ya ngozi na sindano ya penisilini, tukamfunga tumbo kwa gunia ili asing'oe nyuzi. Alasiri akainua kichwa. Nikaenda mtoni, Mzee Yona akihesabu.

Kesho yake alikunywa debe zima tena, na mimi nikavunjika moyo. Mzee Yona akaniambia figo zilizovurugwa kwa wiki nyingi hazitulii kwa siku moja, niendelee kuchota. Nikachota. Akaanza kula ugali kidogo. Maji anayokunywa yakawa yanapungua pole pole, na asubuhi moja nikakuta debe limebaki zaidi ya nusu. Nililiinua na kulikagua, nikidhani kuna mtu amelijaza usiku. Mbwa alikuwa amelala kando yake, gunia chini yake kavu.

Hapo yakaanza malalamiko. Mvushaji alisema mimi na Daktari tumemharibia mali, akaanza kumtoza Mzee Karisa nauli. Shemeji mtu alinuna hadi mavuno. Aliyefurahi bila kiasi ni Abba Jilo. Alikuja akamtazama mbwa mshono wote, akauliza kama kweli dume hawatamfuata tena. Nikamwambia hawatamfuata. Akafikiri, kisha akauliza kwa nini tusiwafanyie vivyo hivyo majike wote wa Minjila, maana mlango wa stoo tunao.

Sasa, kijana uliyenijia mlangoni, unaona kwa nini sikukutajia dawa. Uliza kwanza anakunywa kiasi gani, anakula nini, jike au dume, na kama ni jike alitaka dume lini. Pata mkojo, hata kama soko zima linakutazama. Na usimfukuze anayelalamika kabla hajamaliza kulalamika.

Mama Charo ndiye ambaye hakuja kumtazama mgonjwa hata mara moja, nami nilidhani bado ana hasira. Tulimrudisha Serikali Minjila nyuzi zilipotolewa, na siku si nyingi baadaye nikamwona mama yule akiingia kituoni peke yake, amemshika kuku kwa miguu. Alinipa kuku. Nikamuuliza mbwa anaendeleaje.

"Jana nilikwenda mtoni mara moja," akasema.

Nikamkaribisha kiti, nikijua kwamba wanawake wa shamba hawana wakati wa kukaa asubuhi. Akakitazama, akalitazama jua, akaketi, akanyoosha miguu.